Kula mgahawani Lille: mwongozo kwa anayefika mara ya kwanza

Kila Septemba, wanafunzi wapya wakishapata vyumba vyao hapa Lille, mji wa kaskazini mwa Ufaransa, naulizwa maswali yale yale. Mbona tumenyimwa chakula saa tisa alasiri na mlango uko wazi? Mbona maji tu yametutoa euro 6? Mbona nyama imekuja na damu? Hiki kitoweo kina bia? Hata ndugu zetu wanaokuja matembezi ya siku moja kutoka Brussels, mwendo wa dakika 40 hivi kwa treni ya kasi, nao huuliza, ingawa Kifaransa wamekua nacho tangu Lubumbashi au Bukavu. Kujua Kifaransa hakutoshi kukujulisha desturi za meza ya kaskazini.

Majibu nimeyapanga kama jioni yenyewe inavyokwenda, kuanzia kuchagua siku mpaka kulipa bili. Naupenda mji huu na vyakula vyake, na huniuma mtu akiondoka anadhani watu wa hapa ni wakali. Si wakali. Wana utaratibu wao, na ukiufuata wanakufungukia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Kadi ya benki inayofanya kazi Ulaya, na euro 20 hivi za noti na sarafu. Migahawa inapokea kadi, lakini vibanda vya chipsi vingine vinataka taslimu.
- Muda wa saa mbili. Mlo wa usiku hapa hauharakishwi.
- Karatasi au ujumbe ulioandikwa kwa Kifaransa kuhusu usichokula: nguruwe, pombe, karanga, chochote kile.
- Nguo safi za kawaida. Suti haihitajiki.
- Maneno machache ya Kifaransa. Nimeyaweka kila mahali yanapohitajika, pamoja na matamshi ya kukaribia.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo soma polepole. Jiko la mgahawa wa Lille halipiki mchana kutwa kama la mama lishe. Chakula cha mchana ni kuanzia saa sita hadi saa nane. Baada ya hapo jiko linafungwa, hata kama unaona watu wamekaa nje wanakunywa kahawa. Chakula cha usiku huanza saa moja, na sehemu nyingi huacha kupokea wateja wapya saa tatu na nusu au saa nne usiku.

Jumapili usiku na Jumatatu migahawa mingi imefungwa kabisa. Ijumaa na Jumamosi usiku imejaa. Kwa mgeni, siku nzuri ni Jumanne hadi Alhamisi, na ukitaka bei nafuu, nenda mchana.

Kuna wikiendi moja isiyofanana na nyingine: ya kwanza ya Septemba, wakati wa Braderie, soko kubwa la vitu vya mitumba linalojaza mitaa ya mji. Siku hizo migahawa mingi huuza karibu chakula kimoja tu, moules-frites, yaani kome weusi wa baharini kwa chipsi. Maganda yake hurundikwa nje ya mlango mpaka yawe kichuguu, kila mgahawa ukitaka chake kishinde cha jirani. Ukitaka mlo wa utulivu, ikwepe wikiendi hiyo. Ukitaka kuuona mji ukila, njoo na njaa.

Hatua ya 2: Jua unaingia nyumba ya aina gani

Estaminet ndiyo nyumba ya hapa hasa. Zamani ilikuwa kilabu cha bia cha watu wa Flanders, eneo la mpakani mwa Ufaransa na Ubelgiji. Leo ni mgahawa wenye meza za mbao, vyombo vya kale ukutani, maua makavu ya hopsi, mmea wa kutengenezea bia, yananing'inia darini, na pengine michezo ya mbao ya kuchezea mkisubiri. Vyakula ni vya kienyeji na sahani zinajaa. Sahani moja mara nyingi iko kati ya euro 15 na 22. Ziko nyingi katika mji wa kale, Vieux-Lille, na mtaa wa rue de Gand umejaa migahawa mlango kwa mlango.

Brasserie ni kubwa zaidi na mara nyingi hupika saa nyingi zaidi. Zitafute karibu na Grand'Place, uwanja mkuu wa mji, na kituo cha treni cha Lille Flandres. Ukichelewa, hizo ndizo kimbilio.

Friterie ni kibanda cha chipsi. Hakuna kuweka nafasi wala kukaa sana. Chipsi za hapa hukatwa nene na kukaangwa mara mbili, na kwa desturi hukaangwa katika mafuta ya ng'ombe. Asiyekula ng'ombe, au anayejali nyama imechinjwaje, aulize kwanza: "C'est frit dans quoi?" (se fri dan kwa), yaani zimekaangwa kwa mafuta gani.

Anayetaka halali bila mashaka aelekee Wazemmes, mtaa wa soko kubwa linalokuwapo Jumanne, Alhamisi na Jumapili. Pande hizo utapata kuskusi na nyama choma za watu wa Maghreb. Bado uliza, "C'est halal?", kwa sababu bango la lugha ya Kiarabu peke yake si jibu.

Hatua ya 3: Soma bei mlangoni

Sheria inataka bei zibandikwe nje. Simama, soma, na kama hazikufai endelea na safari. Hakuna atakayekuona vibaya. Bei unayoiona imeshajumlisha kodi na huduma.

Tahadhari kubwa kwa msemaji wa Kiswahili: tunachokiita menyu, wao wanakiita "la carte". Neno "menu" kwao ni mlo kamili wa bei moja: chakula cha kuanzia, sahani kuu na kitamutamu. Ukimwambia mhudumu "menu, s'il vous plaît", anaweza kuelewa kwamba umeagiza mlo mzima. Omba "la carte".

Maneno mengine ya ubaoni: "entrée" ni ya kuanzia, "plat" ni sahani kuu, "plat du jour" ni chakula cha siku hiyo, na "formule" ni viwili kati ya vitatu kwa bei ya pamoja, mara nyingi mchana tu. Formule ya mchana ndiyo njia bora ya kula vizuri kwa pesa ndogo katika mji huu.

Hatua ya 4: Weka nafasi

Mkiwa wawili siku ya Jumatano, mnaweza kwenda hivi hivi. Mkiwa wanne au zaidi, au ni wikiendi, weka nafasi kwa simu au kwenye tovuti ya mgahawa.

Hapa angalia saa. Sisi tunasema saa mbili usiku, wao wanaandika 20h. Nimeshaona familia nzima imevaa, imefika, na meza yao ilikuwa imeandikwa saa nyingine kwa sababu aliyepiga simu alitafsiri saa ya Kiswahili neno kwa neno. Saa moja usiku ni 19h, saa mbili ni 20h, saa tatu ni 21h. Iandike kabla ya kupiga.

Mkishindwa kwenda, pigeni simu muwaambie. Kwa mgahawa mdogo wenye meza chache, meza ya watu sita isiyotokea ni hasara ya usiku mzima.

Hatua ya 5: Ingia kwa hodi

Nyumbani, anayeingia bila hodi tunamwonaje? "Bonjour" (bonzhuu) ndiyo hodi yao. Jioni inakuwa "Bonsoir" (bonswaa). Iseme ukivuka kizingiti, kabla ya swali lolote, na umwangalie usoni unayemsalimu. Ukianza na "meza ya watu wawili" bila salamu, utahudumiwa kwa baridi na hutajua kosa lako ni nini. Malalamiko mengi ninayosikia kuhusu wahudumu wa hapa, nikiuliza vizuri, nakuta salamu haikutolewa.

Kisha simama. Usijichagulie meza. Sema mko wangapi: "Nous sommes quatre" (nu som katr), au kama mliweka nafasi, "J'ai réservé" (zhe rezerve) na jina lako. Utaonyeshwa pa kukaa. Ukitaka nje, uliza.

Mhudumu anaitwa "Monsieur" au "Madame". Usimpigie vidole, usimwite kwa "psii" kama tunavyofanya kwetu; hapa ni tusi. Inua mkono kidogo macho yenu yakikutana.

Hatua ya 6: Omba maji kwa jina lake

Ukisema "maji" tu, utaulizwa "plate ou gazeuse?", ya kawaida au yenye gesi. Jibu lolote kati ya hayo mawili linaleta chupa ya kulipia, na ndiyo ile euro 6. Sema "une carafe d'eau" (ün karaf do). Hayo ni maji ya bomba, safi, na kwa anayekula ni bure kisheria. Mkate nao ni bure, ukiisha omba mwingine.

Utaulizwa kama unataka "apéritif", kinywaji cha kabla ya chakula. Si lazima. Mkoa huu ni wa bia, na orodha yake inaweza kuwa ndefu kuliko ya chakula. Asiyekunywa aseme "non merci" na mambo yanaendelea kwa amani.

Hatua ya 7: Chagua chakula ukijua kilichomo

Hapa nitakaa zaidi. Chakula cha kaskazini ni kitamu mno, lakini kina vitu viwili vinavyojificha: nguruwe na pombe.

Carbonade flamande ndiyo ningemwanzishia mgeni. Ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa saa nyingi na vitunguu mpaka ichambuke kwa uma. Mchuzi ni mweusi, mzito, una utamu wa sukari na ukali kidogo wa haradali, na mkate wa viungo huyeyushwa ndani kuufanya uwe mzito. Lakini maji yake ya kupikia ni bia. Bila bia si carbonade, kwa hiyo usiombe itolewe; asiyetumia pombe kabisa achague kingine.

Welsh ni jibini ya cheddar iliyoyeyushwa na bia, ikamiminwa juu ya mkate na kipande cha nguruwe, mara nyingi na yai juu, ikaletwa inachemka bakulini. Usiikimbilie, inaunguza ulimi. Unaweza kuomba "sans jambon" (san zhambon), bila nguruwe, lakini bia inabaki. Ni nzito sana. Ukiiagiza, usiagize cha kuanzia.

Potjevleesch (pocheflesh) ni jina la Kiflandi, maana yake chungu kidogo cha nyama. Ni kuku, sungura, ndama na nguruwe walioganda pamoja katika rojo, na huliwa baridi na chipsi za moto. Wengi wetu hushangaa kuona nyama ya baridi. Wenyeji huweka rojo juu ya chipsi liyeyuke, na hapo ndipo ladha inapofunguka. Nguruwe yumo, hatenganishwi.

Tarte au maroilles, au flamiche, ni mkate wa jibini ya maroilles. Harufu ya jibini hii mbichi inaweza kukukimbiza, lakini ikishapita ovenini inakuwa tulivu. Inafaa kwa asiyekula nyama, ila uliza kama wameweka "lardons", vipande vidogo vya nguruwe.

Waterzoi ni kuku au samaki katika mchuzi mweupe wa krimu na mboga. Tumbo lililotoka safari litaushukuru. Omba ya samaki ikiwapo, na uliza kama kuna mvinyo. Samaki wa hapa wana sifa: Boulogne-sur-Mer, bandari kubwa kuliko zote za uvuvi Ufaransa, iko katika mkoa huu huu.

Moules-frites hupatikana hata nje ya Braderie. Kwa wengi wa pwani yetu, wafuasi wa Shafii, kome wenyewe hawana tatizo. Tatizo ni kwamba "marinière" hupikwa kwa mvinyo mweupe. Uliza: "Il y a du vin dedans?" (il ya dü van dedan).

Chicons au gratin ni mboga chungu kidogo iliyoviringwa kwa nguruwe na kufunikwa jibini. Jina halimtaji nguruwe popote, na ndiyo maana naitaja.

Sasa mitego mitatu ya majina. "Filet américain" si steki: ni nyama ya ng'ombe mbichi iliyosagwa, sawa na "tartare". Ukiliona neno "américain" kwenye kibanda cha chipsi ni kitu kingine kabisa, mkate uliojazwa nyama na chipsi. Na "andouillette" ni soseji ya utumbo yenye harufu kali. Mara nyingi ni nguruwe.

Kuhusu steki, utaulizwa "Quelle cuisson?". "Bleu" ni karibu mbichi, "saignant" ina damu, na "à point" ambayo wageni hudhani ni iliyoiva, bado ni nyekundu katikati. Sema "bien cuit" (byan kwi), na kama hutaki wekundu hata kidogo, "très bien cuit".

Sentensi moja ya kukariri: "Je ne mange pas de porc" (zhe ne manzh pa de por), sili nguruwe. Ongeza "ni d'alcool" (ni dalkol) kama hutaki pombe hata ya kupikia. Kumbuka lakini kwamba kutokuwepo nguruwe hakufanyi nyama kuwa halali. Katika estaminet, mwenye kujali kuchinjwa abaki kwa samaki na mboga.

Kitamutamu usikiruke. Tarte au sucre ni ya sukari ya vergeoise, ile ya kahawia itokanayo na viazisukari vinavyolimwa mashambani huku. Ukitaka kuonja vingi, agiza "café gourmand": kahawa na vitamutamu vidogo vitatu au vinne kwenye sahani moja.

Hatua ya 8: Kula

Kila mtu na sahani yake. Kuagiza sahani moja kuu muile wawili usiku hakupendezi, ila kuna "planche", ubao wa nyama au jibini uliotengenezwa kwa kuchangia. Mkate huwekwa mezani kando ya sahani, si kosa. Kome huliwa kwa mkono: mle wa kwanza kwa uma, kisha tumia ganda lake kama koleo kuwabana waliobaki. Pilipili usiitegemee, wengi hawana, na haradali ndiyo ukali wao.

Umemaliza? Weka kisu na uma sambamba juu ya sahani. Ukiviacha vimeachana, mhudumu anajua bado unakula.

Hatua ya 9: Omba bili

Bili haiji mpaka uiombe. Mhudumu hakupuuzi, kukuletea bila kuombwa ni sawa na kukufukuza. Sema "L'addition, s'il vous plaît" (ladisyon, sil vu ple). Mkitaka kulipa kila mtu chake, semeni wakati huo, kabla mashine haijaletwa: "On paie séparément".

Bakshishi si wajibu, kwa kuwa huduma imo ndani ya bei. Ukifurahi, acha sarafu za euro 1 au 2 mezani. Mashine ya kadi ikikuuliza kuongeza asilimia, una haki ya kukataa, na hakuna aibu.

Mambo yakienda mrama

*"C'est complet."* Wamejaa. Uliza kama kuna nafasi baadaye, ukiuliza kwa salamu. Meza hupatikana mara nyingi kuelekea saa tatu usiku.

*Umefika jiko limefungwa.* Nenda brasserie karibu na stesheni, au friterie, au duka la kebab. Usibishane.

*Nyama imekuja na damu.* Irudishe bila woga kabla hujala nusu: "Un peu plus cuite, s'il vous plaît". Hawachukii.

*Umegundua nguruwe ndani baada ya kusema huli.* Acha kula, mwite mhudumu, onyesha karatasi yako. Kwa kawaida sahani hubadilishwa.

*Una mzio.* Mgahawa unatakiwa uwe na taarifa ya maandishi ya vitu 14 vinavyojulikana kuleta mzio, wakiwemo karanga, maziwa, mayai na kome. Omba "la liste des allergènes".

*Kwenye bili kuna usichoagiza.* Onyesha mstari wenyewe kwa kidole, kwa upole, kabla ya kulipa. Chupa ya maji ndiyo ya kukagua kwanza.

*Chakula kimekushinda.* Tangu Julai 1, 2021, mgahawa lazima ukupe chombo cha kubebea mabaki ukikiomba. Sema "Je peux emporter le reste?" (zhe pö anporte le rest). Carbonade kesho yake, ikipashwa polepole, ni tamu kuliko ya jana.